Watoto Watatu wa Armande Thorel

Armande Thorel hakuzaliwa Saint-Vorles-des-Bois. Aliletwa. Ilikuwa Oktoba 1932, naye alikuwa na miaka minne, alipoteremshwa kwenye treni ya kutoka Paris pamoja na watoto wengine kumi na wawili wasio na wenyewe. Walipangwa mstari kwenye chumba cha kungojea treni. Kila mmoja alikuwa na mkufu wenye kipande cha bati kilichochongwa namba, nao ulikuwa umefungwa kwa muhuri wa madini ya risasi usiweze kuvuliwa. Wanawake wa vijiji vya milima ya Morvan walisimama upande wa pili, viatu vya mbao miguuni, wakiwatazama.

Philomène Bonnardeau, mjane wa kitongoji cha Les Brosses, alitembea taratibu mbele ya mstari ule. Watoto wengi walikuwa wakilia.

"Huyu mwenye macho makavu nampeleka nyumbani," alisema. "Hao wanaolia watapata watu wa kuwabembeleza."

Hakuna aliyeshangaa. Kwa vizazi viwili au vitatu Morvan ilikuwa imeishi hivyo. Kuni za msitu wake zilikuwa zikielea mtoni hadi Paris kupasha joto nyumba za matajiri. Wanawake wake vijana waliacha wachanga wao na kwenda mjini kunyonyesha watoto wa matajiri haohao, wakarudi na pesa za kujengea nyumba za mawe ambazo wenyewe waliziita nyumba za maziwa. Na Paris, kwa upande wake, iliwaletea watoto iliyowaokota. Kata ya Saint-Vorles, vitongoji saba na vijito vitatu kati ya vilima vya mawe magumu, iliwahi kuwa na watu elfu moja mia moja na arobaini. Vita vya mwaka 1914 vilichukua wanaume arobaini na watatu, na majina yao yako kwenye nguzo mbele ya kanisa. Mume wa Philomène hayumo, kwa sababu alirudi na mapafu yaliyounguzwa na gesi ya sumu, akachukua miaka tisa kufa.

Philomène hakuwa mtu wa maneno. Alimlisha Armande viazi na chapati za maji zilizokaangwa na vipande vya nyama ya nguruwe, akamvalisha, akampeleka shule. Kila baada ya miezi mitatu aliteremka kwenda mjini kuchukua posho ya Serikali. Armande alielewa maana ya posho ile akiwa na miaka sita, siku wenzake walipomzunguka uani wakiimba kwamba yeye ni namba, mama yake ni namba na baba yake ni karani. Alirudi nyumbani akamuuliza Philomène kama ni kweli alimchukua kwa ajili ya pesa.

"Ndiyo," Philomène alisema, huku akiendelea kumenya viazi. "Na mtu akikuita namba tena, muulize yeye ana ngapi."

Alipofikisha miaka tisa alishikwa na homa ya mapafu. Philomène aliuza ndama wake wa pekee kumleta daktari, akakaa kitandani kwake siku sita bila kuvua aproni. Tangu hapo Armande akawa anamwita mama, naye Philomène akawa anaitika, wala hawakulizungumzia jambo hilo kamwe.

Mwezi Juni 1944 Wajerumani walipanda Les Brosses kuwatafuta vijana waliojificha msituni. Hawakuwapata. Walichoma nyumba nne kati ya sita, ya Philomène ikiwemo. Armande, miaka kumi na sita, alitoka na godoro na kuku wawili. Walipewa chumba nyuma ya shule, na humo, majira ya baridi yaliyofuata, Philomène akafa. Mazishini Armande alisimama peke yake mahali pa familia. Wapwa wa marehemu walifika siku ya tatu baada ya mazishi, wakagawana mashamba, wakamwachia shuka mbili na saa ya ukutani isiyotembea.

Miaka sita baadaye aliolewa na Étienne Rousselot, aliyekuwa akitunza barabara za kata, kuzibua mitaro na kuchimba makaburi. Mama yake Étienne hakupendezwa.

"Utaoa mtu usiyejua hata babu yake alikuwa nani?"

"Babu yangu mimi namjua, mama," Étienne alimjibu. "Alikuwa mlevi. Imetusaidia nini?"

Walipata mtoto mmoja, msichana, akazaliwa hapumui. Wa pili pia. Makaburi yote mawili Étienne aliyachimba mwenyewe, pembeni kabisa ya ukuta wa makaburini, na kwa miaka mingi hakumruhusu mtu mwingine kufyeka majani upande ule.

Mwaka 1958 meya alihitaji katibu mwenye mwandiko mzuri, akamchukua Armande. Ofisi ilikuwa imeshikamana na shule, kiasi kwamba katibu akipiga chafya watoto humwitikia. Aliandika vizazi, ndoa na vifo, na ilipofika sensa alitembea vitongoji vyote saba kwa miguu, begi begani, kuhesabu watu. Mwaka 1962 alipata mia tatu kumi na wanane. Mwaka 1968 walikuwa mia mbili arobaini na saba. Vijana walikuwa wakienda viwandani Lyon na Paris, na pale palipokuwa shamba la shayiri au malisho, mwenye shamba aliyeko mbali alipanda misonobari, kwa kuwa misonobari haihitaji mtu. Msitu ukasogea hadi kwenye madirisha. Huko Le Creux, kitongoji cha juu kabisa, alimkuta bibi mmoja na mbwa.

"Andika na mbwa," bibi alisema.

"Mbwa hahesabiwi, bibi."

"Haya, basi niko peke yangu. Andika upesi mwanangu, maana mwakani huenda ukapanda mlima huu bure."

Armande aliandika. Njiani kuteremka aligundua kwamba alikuwa amebana begi kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Barua ya mkaguzi wa elimu ilifika Machi 1971. Meya wa wakati huo alikuwa Anselme Gondelin, mfugaji wa ng'ombe weupe, mtu mnene mwenye moyo mwema na miguu isiyotulia. Aliingia ofisini bila kuvua kofia.

"Sita, Bibi Armande. Septemba watakuwa wanafunzi sita. Mkaguzi anataka tisa, la sivyo anafunga."

"Najua, bwana meya. Barua niliifungua mimi."

"Shule ikifungwa, akina Morlevat wanahama. Wamesema wazi. Wakihama hao, mwokaji mkate haji tena. Baada ya hapo tunabaki na nani? Mimi, wewe na kengele ya kanisa." Alikwenda dirishani, akarudi. "Nimewaza. Wewe na Étienne mna vyumba vitatu juu vitupu. Na ile Idara ya watoto bado ipo, watoto bado wapo. Wewe unaijua, si ulipitia huko?"

Armande alifunika kalamu yake.

"Unataka nilete watoto watatu waje wajaze viti."

"Usiseme hivyo, jamani."

"Nisemeje?"

Gondelin alivuta kofia yake chini. Akatoka, akasahau barua mezani.

Mchana ule Armande hakula. Étienne alimaliza supu yake, akapangusa kisu kwa mkate, akangoja. Alikuwa anamjua mkewe.

"Philomène alinichukua kwa ajili ya posho," Armande alisema hatimaye. "Alinipenda baadaye. Lakini hiyo baadaye niliisubiri miaka mitano, Étienne. Mtoto wa miaka minne anasubiri kupendwa kama mtu anayesubiri basi. Mimi siwezi kumfanyia mwingine hivyo, eti kwa sababu ya mwokaji mkate."

"Basi usimfanyie."

"Ndivyo nilivyosema."

"Hapana. Umesema hutawaleta. Mimi nasema usiwasubirishe." Alisogeza bakuli. "Hao watoto wako huko sasa hivi, shule ifungwe isifungwe. Wanakula chakula cha mchana na mtu wasiyemjua."

Armande akaondoa mabakuli mezani. Siku nne hawakulitaja tena. Siku ya tano alivaa koti lake la kanisani, akapanda basi kwenda mjini.

Afisa wa Idara, msichana mwenye nywele fupi aliyekuwa na umri mdogo kuliko jalada la Armande lililokuwa bado kabatini mwao, alimwambia wapo watoto wengi wa mmoja mmoja. Halafu akasita. Wapo na ndugu watatu wa ukoo wa Delorgue: Sylvette wa miaka kumi, Thierry wa miaka saba na Corinne wa miaka mitano. Baba alifariki, mama yuko hospitali ya wagonjwa wa akili na madaktari hawatarajii atoke. Hakuna familia iliyokubali watatu. Wiki ijayo wangetawanywa, mmoja huku, mmoja kule.

"Nionyeshe," Armande alisema.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi refu la ukumbini, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Sylvette alikuwa ameshika mkono wa shati la mdogo wake, ameukunja ngumini kana kwamba upepo ungemchukua. Hakumsalimu Armande. Mvulana ndiye aliyeuliza:

"Kwako kuna mbwa?"

"Yupo. Ana jicho moja."

"La pili liko wapi?"

"Hajatuambia."

Thierry alitafakari jibu lile, akaliona linatosha. Sylvette aliendelea kumtazama Armande usoni bila kupepesa. Macho yake yalikuwa makavu.

Waliletwa Juni. Septemba shule ilifunguliwa na wanafunzi tisa, na kata nzima ikafurahi. Wanawake walileta sweta, Gondelin akaleta jibini zima na kupiga picha na mwalimu. Watoto walimwita Armande shangazi na Étienne mjomba, kama walivyoagizwa na Idara. Corinne alizoea katika wiki moja. Thierry alimfuata Étienne mitaroni na sepetu ndogo. Sylvette alitandika kitanda chake vizuri kila asubuhi, na mkoba wake aliuacha umefungwa chini ya kitanda, nguo zote ndani.

Alhamisi moja ya Novemba, siku isiyo na masomo, Armande aliwatuma watatu hao dukani kwa Bibi Lagoutte kununua chumvi na mishumaa. Duka lilikuwa limejaa. Bibi Lagoutte, ambaye hakuwa mbaya ila mdomo wake ulitangulia akili, aliwanyooshea mkono mbele ya wateja.

"Haya, wapisheni! Viti vyetu vitatu hivi hapa! Bila hawa shule ingekuwa stoo ya viazi."

Watu wakacheka. Sylvette aliweka chumvi juu ya kaunta, akawashika wadogo zake mikono, akatoka. Hakupinda kulia kuelekea nyumbani. Alishika barabara ya kushoto, iendayo stesheni, kilomita saba.

Armande aliambiwa na mke wa Morlevat, aliyekuja mbio na haya usoni. Hakungoja Étienne. Alitoka na aproni yake, akawafikia baada ya daraja la pili, pale ukungu unapokaa chini ya misonobari mchana kutwa. Hakuwazuia. Alianza kutembea kando yao.

"Rudi kwako," Sylvette alisema bila kugeuka.

"Natembea tu."

Walitembea. Corinne alikuwa akivuta kamasi.

"Ni kweli?" Sylvette aliuliza.

Armande angeweza kusema kwamba Bibi Lagoutte ni mropokaji, na hiyo ingekuwa kweli pia.

"Ni kweli. Meya aliniomba kwa ajili ya shule. Nilikasirika, kama ulivyokasirika sasa. Nikasema siendi."

"Mbona ulikuja?"

"Mjomba wako alisema neno likanikaa. Nikaja. Nikakuona umeshika shati la Thierry. Tangu pale shule sikuikumbuka mpaka tuko kwenye basi la kurudi."

"Uongo."

"Si uongo. Lakini siwezi kukuthibitishia."

Sylvette alimvuta Corinne kando ya dimbwi.

"Na shule ikifungwa?"

"Mtapanda basi kwenda shule ya mjini. Jioni mtarudi kwangu."

"Hayo ni maneno."

"Ni maneno. Leo sina kingine. Mimi pia nililetwa hapa kwa treni, Sylvette, na namba shingoni, kwa ajili ya posho. Sitakuambia haiumi. Inauma. Mimi nilikaa miaka mitano nikiangalia kama yule mama angenirudisha."

Sylvette kwa mara ya kwanza alimtazama. "Alikurudisha?"

"Aliuza ndama."

Msichana hakuelewa, na Armande hakufafanua. Wangeendelea hadi stesheni kama si Corinne, ambaye alikaa chini katikati ya barabara na kutangaza kwamba miguu yake imekwisha. Armande aliinama kumbeba.

"Mimi nitambeba," Sylvette alisema haraka.

"Tumbebe kwa zamu. Ni mzito huyu."

Walimbeba kwa zamu, na kwa kuwa stesheni ilikuwa mbali kuliko nyumbani, walirudi. Hakuna aliyetamka kwamba wanarudi. Kesho yake Armande aliingia dukani watu wakiwa wamejaa vilevile.

"Bibi Lagoutte," alisema, "viti viko shuleni, vina miguu minne. Wangu wana miwili miwili, na wana masikio. Nipe chumvi yangu."

Bibi Lagoutte alimpa chumvi. Jioni alipeleka na mfuko wa peremende, akauacha mlangoni bila kubisha hodi. Mkoba ulibaki chini ya kitanda cha Sylvette mpaka majira ya kuchipua. Siku moja Armande alipokuwa akifagia aliukuta mwepesi. Aliusogeza, akafagia, akaurudisha palepale.

Shule ilidumu miaka mitano. Mwaka 1975 kiwanda cha mbao kilifungwa, akina Morlevat wakahama na familia nyingine mbili nyuma yao, na sensa ya mwaka ule Armande alihesabu watu mia moja themanini na sita. Juni 1976, katika ukame uliokausha vijito vyote vitatu, mwalimu alifunga mlango wa darasa na kumkabidhi Armande ufunguo. Hapakuwa na hotuba. Gondelin alikuja, akasimama uani na kofia mkononi, akaondoka.

Mwezi Julai alikuja afisa wa Idara, mwingine, mwanamume mwenye mkoba wa ngozi. Alikaa jikoni, akaeleza kwa adabu. Sasa shule hakuna. Mjini zipo familia nzuri, karibu na sekondari. Sylvette ana miaka kumi na mitano, afadhali awe karibu na masomo. Wadogo pia. Étienne alikuwa ameweka mikono juu ya meza. Mlango wa uani ulikuwa wazi kwa joto, na Armande alijua nani amekaa kwenye ngazi upande wa pili, kwa sababu maharagwe yaliyokuwa yakichambuliwa pale yalikuwa yameacha kuanguka ndani ya sufuria.

"Basi linapita saa moja na robo asubuhi," Armande alisema. "Linarudi saa kumi na mbili kasoro robo. Nimemwuliza dereva, atasimama langoni."

"Ni safari ndefu kwa watoto, bibi."

"Ni ndefu. Watasinzia njiani. Kitu kingine?"

Afisa alifungua mkoba, akaufunga. Maharagwe yakaanza kuanguka tena, kwanza moja moja.

Walipanda basi lile miaka yote. Sylvette akawa muuguzi mjini Dijon. Corinne alisomea uhasibu, akaacha, akaolewa na mwokaji mkate karibu na Nevers, akazaa wanne. Thierry alirithi sepetu ya Étienne. Mwaka 1985 wote watatu walikuwa watu wazima, nao Armande na Étienne walikwenda mahakamani wakawaasili kisheria, ili kusiwe na wapwa wa kuja siku ya tatu. Sylvette alisaini wa kwanza. Nje ya mahakama alimkumbatia Étienne, na alipofika kwa Armande wote wawili hawakujua waweke wapi mikono, wakaishia kushikana viwiko na kucheka huku machozi yakiwatoka.

Étienne alifariki Januari 1989, ardhi imeganda. Thierry alichimba kaburi siku mbili kwa sururu, akakataa msaada. Aliliweka kando ya ukuta, karibu na yale mawili madogo.

Armande alistaafu mwaka huohuo. Sensa ya 1990 ilifanywa na mtu wa kutoka mjini, kwa gari, akapata mia moja thelathini na mmoja. Shule iliuzwa kwa wazee wawili Waholanzi wanaokuja kiangazi kupanda waridi. Armande alienda kuwaonyesha bomba la maji lilipo. Walimtengenezea chai nyepesi, wakamwuliza kama alisoma hapa. Alisema ndiyo, na kwamba jiko la kuni linatoa moshi upepo ukitoka kaskazini.

Februari 2003 aliugua kifua. Sylvette alichukua likizo, akaja kukaa naye. Alimgeuza, akamwosha, akampa dawa kwa saa zake, kama alivyofanya kwa wageni kila siku Dijon. Siku ya tisa Armande alifungua macho, akamtazama muda mrefu.

"Umechoka," alisema. "Kalale."

"Sijachoka, mama."

Lilikuwa neno jipya kati yao. Armande aliitika, "Haya," akafumba macho, akafariki mchana wa siku iliyofuata, theluji ikiyeyuka na maji yakikimbia katika mitaro yote ya kata.

Saint-Vorles ina watu tisini na wanne sasa. Makao ya mkoa yanataka kuiunganisha na kata mbili za jirani, na huenda jina likabaki kwenye kibao cha barabarani tu. Thierry anaishi katika nyumba ile na mkewe na wasichana wao wawili. Msimu wa baridi uliopita alipata kibali, akakata misonobari yote ya upande wa mashariki, mpaka kwenye kijito. Visiki bado vipo. Asubuhi jua linaingia jikoni mapema, na wasichana wanalalamika kwamba linawapiga machoni wakinywa maziwa.